Masika, gambuti na vidole vinavyowasha

Masika yakishika, kati ya Machi na Mei, ngazi za mawe za Mabatini na Igogo, mitaa ya milimani hapa Mwanza, hugeuka vijito. Unashuka mlimani na ndala, ukifika mjini unachomeka mguu mbichi kwenye kiatu cha kazini, na ndani ya kiatu hicho unashinda mpaka jioni. Wiki mbili baadaye vidole vinawasha, na kila jirani ana lake la kusema.

“Fangasi ni uchafu.” Kauli hii ndiyo inayowafanya watu wafiche miguu badala ya kuitibu. Kuvu anataka unyevu na joto, na kiatu kilichofungwa kinampa vyote. Unaweza kuoga mara tatu kwa siku ukaugua vilevile, kama hujifuti katikati ya vidole. Mara nyingi huanzia kati ya kidole cha mwisho na jirani yake, maana hapo vidole vimebanana: ngozi inakuwa nyeupe, inalegea, kisha inachubuka. Wauza samaki wa Mwaloni, pale Kirumba, wanaijua hali hii. Gambuti huzuia maji ya nje, lakini jasho la ndani halina pa kutokea.

“Paka jiki, au mafuta ya taa.” Vitakuunguza, na ngozi iliyoungua huingiza bakteria. Simcheki anayejaribu; mimi nilipaka ndimu na chumvi, nikakesha napepea mguu kwa kanga. Dawa ya kupaka kama klotrimazole husaidia, ila wengi huiacha siku ya tatu, muwasho ukipoa. Kuvu bado yumo. Kwa kawaida hupakwa wiki 2 hadi 4, kwa kufuata maelezo ya mfamasia. Na viatu je? Ukitibu mguu halafu ukaurudisha kwenye kiatu kilekile kibichi, umerudi ulikotoka. Anika juani, badilisha soksi kila siku, na ukiweza uwe na jozi mbili za kupokezana.

“Magaga ni ya asiyejisugua.” Juni hadi Agosti mvua imekata, hewa ni kavu, na ngozi ya kisigino haina tezi za mafuta. Ukishinda na kandambili, ngozi ngumu inapasuka tu. Loweka kidogo, sugua taratibu kwa jiwe, paka mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na umajimaji. Wembe uache kabisa.

“Ganzi ni baridi ya Julai tu, ota moto.” Baridi ya kugandisha vidole ni ya nchi zenye theluji. Ganzi isiyoisha inaweza kuwa dalili ya kisukari, na mguu wenye ganzi ukiusogeza kwenye jiko la mkaa unaungua bila wewe kujua. Kapime sukari. Aliye na kisukari akague nyayo zake kila jioni, hata kwa kioo.

“Matope suuza ziwani.” Vimelea vya kichocho vinavyotoka kwa konokono wa ufukweni hupenya hata ngozi isiyo na kidonda, tena kwa dakika chache tu. Kama huna maji mengine, chota ya ziwa, yafunike kwenye ndoo siku mbili ndipo uoshee; kufikia hapo vimelea hivyo huwa vimekwisha kufa.