Macho ya mzee yakitiririka machozi, huenda ni makavu

Mama ana miaka 68. Akipigwa na upepo kidogo tu, machozi yanamtiririka. Kliniki wameandika "macho makavu". Hawajakosea?

Hawajakosea, ingawa hata mimi ningeshangaa kuandikiwa hivyo huku nimeshika leso. Chozi si maji matupu. Chini kuna ute unaolishikisha kwenye jicho, kisha maji, na juu kabisa utando mwembamba wa mafuta unaozuia maji hayo kukauka. Mafuta hutoka kwenye vitezi vilivyojipanga ukingoni mwa kope: kati ya 25 na 40 kope ya juu, 20 hadi 30 ya chini. Miaka inavyosonga, baadhi ya vitezi huziba, vingine hufa kabisa, na mafuta yanayobaki huwa mazito. Maji yakikauka upesi, konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, husikia mwasho. Hapo tezi kubwa ya machozi hufungulia maji mengi kwa mpigo. Hayana mafuta ya kutosha, kwa hiyo huishia shavuni na jicho hubaki na kiu.

Uzee pia hulegeza kope ya chini. Ikiachana na jicho, machozi hukosa njia ya kufikia kitundu kinachoyapeleka puani. Kwa wanawake, mabadiliko ya homoni baada ya kukoma hedhi huongeza ukavu. Baadhi ya dawa za mzio na za sonona hukausha pia, ila asiziache kabla ya kuongea na daktari wake.

Tumsaidieje nyumbani?

Kitambaa safi cha uvuguvugu juu ya kope zilizofumbwa, dakika 5 hadi 10, kisha akande kope taratibu kuelekea kwenye nywele za kope. Afanye kila siku. Ukifanya juma moja ukaacha, hutaona faida. Matone ya machozi ya bandia husaidia, na anayeyahitaji mara nyingi kwa siku atafute yasiyo na kihifadhi, yaani kemikali ya kuzuia dawa isiharibike. Feni isimpulizie usoni. Moshi wa kuni nao ni adui.

Ninalokataa kabisa ni kununua matone yenye steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe, dukani kwa sababu jirani yalimfaa. Wekundu utaisha haraka, ndiyo, lakini yakitumika bila usimamizi huweza kupandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho. Asali, majani yaliyopondwa na maziwa ya mama pia visitiwe jichoni.

Babu ana pete ya kijivu kuzunguka nyeusi ya jicho. Anapofuka?

Hapana. Ni mafuta yaliyojikusanya ukingoni mwa konea. Kwa wazee ni jambo la kawaida na haligusi uoni. Ila likimtokea mtu aliye chini ya miaka 40, apimwe lehemu (kolesteroli), yaani mafuta kwenye damu.

Na kinyama kinachotambaa kutoka upande wa pua, ndiyo mtoto wa jicho?

Wengi huchanganya. Mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi, ndani, nyuma ya mboni. Kinyama huota juu, kwenye ngozi laini inayofunika nyeupe ya jicho, na chanzo chake kikubwa ni jua la miaka mingi. Ndiyo maana wavuvi na wakulima hukipata sana. Kikitulia, huachwa. Kikisogelea mboni hukatwa, na huweza kuota tena. Daktari akipandikiza kipande cha ngozi hiyohiyo kutoka sehemu nyingine ya jicho, uwezekano huo hupungua. Kofia pana na miwani inayozuia miale ya jua zianze mapema, si baada ya kustaafu.

Konea yenyewe huzeeka?

Huzeeka. Nyuma yake kuna safu moja ya seli zinazosukuma maji nje ili ibaki angavu. Kijana huwa nazo kama 3,000 kwa milimita moja ya mraba, na zikifa hazizaliwi upya. Wengi huzeeka zikiwa bado zinawatosha. Lakini mzee anayeona ukungu asubuhi na kuona vizuri kufikia mchana amweleze daktari, hasa kabla ya upasuaji wa mtoto wa jicho.

Hisia za konea nazo hufifia, hivyo mzee anaweza kuwa na kidonda jichoni na asiumwe sana. Msisubiri alalamike: jicho likiwa jekundu na uoni umeshuka, au doa jeupe limetokea kwenye nyeusi ya jicho, apelekwe kliniki ya macho siku hiyohiyo.