"Ni muhuri tu, wakili"

Ijumaa iliyopita, saa tisa alasiri, kijana wa bodaboda alipanda ngazi hadi ofisini kwangu akiwa na bahasha ya kaki na maagizo ya mdomo. "Shikamoo mama. Wakili amesema ugonge hapo palipowekwa mishale, halafu nimrudishie sasa hivi." Ndani ya bahasha zilikuwemo hati tatu za kiapo, yaani maelezo ya maandishi ambayo mtu huyaapia kuwa ni kweli, zimekwisha kutiwa saini na watu watatu ambao sijapata kuwaona maishani mwangu, nafasi ya tarehe imeachwa wazi, na kila hati imebanwa noti ya shilingi elfu kumi. Nilimpigia simu mwenye bahasha, wakili mwenye miezi minane tangu aapishwe, kijana mwenye heshima na anayejituma. Alinijibu kwa sentensi ambayo nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuimalizia kabla msemaji hajavuta pumzi: "Samahani wakili, ni muhuri tu."

Nimekuwa nikialikwa mara kwa mara kuzungumza na vijana wanaotoka Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, na kila mara mada huja imegawanywa mafungu mawili: saa ya kwanza stadi za kazi, saa ya pili maadili. Mgawanyo huo ndio unaozaa bahasha za kaki. Kijana hutoka humo akiamini kwamba maadili ni suala la moyo, kwamba mtu asiyeiba fedha za mteja na asiyehonga karani amekwisha kuwa mwadilifu, na kwamba kuhesabu siku, kupanga jalada na kujaza hati ni shughuli za mikono ambazo baadaye zitaachiwa msaidizi. Huyu wa Ijumaa hajaiba wala hajahonga. Alikuwa ananiomba niandike uongo na kuugongea muhuri, na hakujua.

Tuanze na maneno yenyewe. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Mathibitisho na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, kinamtaka kamishna, yaani mtu kama mimi anayemwapisha mwenye hati, aweke jina lake na aeleze kwa ukweli, katika sehemu yake ya mwisho wa hati, mahali na tarehe ambapo kiapo kimefanyika. Watu huishika tarehe, huushika mji, hulishika jina kwa sababu liliongezwa kwa marekebisho na wengi wamewahi kupigwa pingamizi kwa kulisahau. Neno wanaloliruka ni "kwa ukweli". Sehemu ile haithibitishi kwamba saini ni ya fulani. Inasema kwamba mtu huyu alikuja, alisimama mbele yangu, aliapa, na mambo hayo yalitokea hapa, leo. Anayeiandika ni shahidi wa tukio, na kama tukio halikuwepo, yeye ni shahidi wa uongo hata kama kila aya iliyo juu yake ni kweli tupu.

Hapo ndipo wenzangu wengi hunikatiza kwa kuniambia kwamba mahakama siku hizi hazijali ufundi. Ni kweli kwamba marekebisho ya mwaka 2018 yaliingiza katika sheria zetu kanuni ya kutazama haki ya msingi kuliko ufundi wa taratibu, na ni kweli pia kwamba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mondorosi Village Council dhidi ya Tanzania Breweries, ilisema kanuni hiyo haiwezi kutumiwa kiholela dhidi ya masharti ya lazima yanayogusa msingi wa shauri. Tunaweza kubishana hadi magharibi kama tarehe iliyosahauliwa ni kasoro inayotibika, na mimi mwenyewe nimeomba ruhusa ya kurekebisha hati na nikaipata. Lakini huo ni mjadala wa kasoro ya umbo. Hati yenye tarehe, mji, jina na muhuri unaong'aa, ambayo mwapaji wake hakufika, haina kasoro yoyote ya umbo. Ni nzuri kuliko zote katika jalada. Ndiyo maana inanikera kuona mawakili wapya wakikariri kesi kumi kuhusu hati zilizotupwa kwa kukosa tarehe, huku hakuna hata mmoja anayejiuliza tarehe aliyoiandika yeye aliitoa wapi.

Ubaya mwingine umezaliwa na sheria nzuri. Kifungu cha 7 cha Sura hiyohiyo kinamkataza kamishna kutumia mamlaka yake katika shauri ambalo yeye ni wakili wa upande mmoja au ana maslahi nalo. Nia inaeleweka, kwamba asimame mtu wa tatu asiye na mkono katika ugomvi, amuulize mwapaji kwa utulivu kama anajua anachoapia. Katika maisha halisi, katazo hilo limezaa biashara ya kupokezana. Mimi siruhusiwi kumwapisha mteja wangu, kwa hiyo namtumia jirani wa mlango wa pili. Kesho jirani ananitumia wa kwake. Keshokutwa tumezoeana kiasi kwamba anayesafiri kati ya milango yetu ni karatasi peke yake.

Sisemi haya kama mtu aliyezaliwa na udhu. Mwaka wangu wa pili wa uwakili niligonga muhuri kwenye hati ya mzee mmoja, nikaandika Dar es Salaam na tarehe ya siku hiyo, kwa sababu mwenzangu aliniomba na kwa sababu tulikuwa tumekula pamoja mchana. Kanuni za mwenendo wa madai, Amri ya 19, zinairuhusu mahakama kumwita mwapaji aje ahojiwe juu ya hati yake. Mara nyingi hakuna anayeomba. Safari hiyo wakili wa upande wa pili aliomba, mzee akaletwa, akaulizwa swali moja tu la maana: aliapa wapi? Akajibu kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia, "Kiapo kipi, mheshimiwa? Mimi nilisaini kwa mwanangu, Korogwe. Dar nimekuja jana kwa ajili ya kesi." Maombi yalitupwa. Mimi sikuwa wakili katika shauri lile, lakini jina langu lilikuwa pale chini kwa herufi kubwa, na jaji alilisoma polepole, akalirudia, kisha akasema hatalipeleka Kamati ya Mawakili, inayoshughulikia nidhamu yetu, kwa mara hii. Nilizipata habari hizo jioni kutoka kwa karani. Sikulala.

Kumwapisha mtu kunachukua robo saa, kwa hiyo hoja ya muda haina miguu. Anakuja, unaona kitambulisho chake, unakaa naye bila wakili wake kumjibia. Unamuuliza kama amesoma. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ila violezo vya ofisi nyingi bado ni vya Kiingereza, na utashangaa ni watu wangapi wameapia kurasa nne ambazo wangeshindwa kuzisoma hata kwa bunduki. Kama hati ni ya Kiingereza na mtu wako ni wa Kiswahili, msomee kwa Kiswahili aya moja baada ya nyingine, kisha andika hivyo katika sehemu yako. Tazama pia dini iliyotajwa juu. Nimewahi kuletewa hati ya Hajati aliyeandikwa kuwa Mkristo anayeapa, kwa sababu wakili alinakili hati ya mteja wa jana na kubadili jina peke yake. Mwishoni anaapa au anathibitisha, anatia saini akiwa mbele yako, na wewe unaandika mahali na tarehe kwa mkono wako.

Kuhusu kilichomo ndani ya hati nitakwenda haraka, maana vitabu vimesema vya kutosha. Hati ya kiapo ni mahali pa mambo ya hakika anayoyajua mwapaji. Si mahali pa hoja za sheria, maombi wala hitimisho, na hilo limesimama tangu shauri la Matovu la Uganda la mwaka 1966. Wakili anaweza kuapa katika shauri analoliendesha, lakini kwa yale tu aliyoyaona au kuyafanya mwenyewe.

Jambo moja halisemwi vya kutosha. Ukimtaja mtu mwingine kama chanzo cha habari, mtu huyo naye anatakiwa aape, la sivyo maneno yako ni ya kusikia. Sasa mweleze hilo wakili mpya ambaye sababu yake ya kuchelewa ni "karani wa masijala aliniambia jalada halionekani". Karani gani atakubali kuapa kwamba ofisi yake ilipoteza jalada? Mimi huandika barua siku hiyohiyo, nikaipokesha masijala kwa muhuri wa mapokezi, nikabaki na nakala. Hapo sihitaji kueleza karani alisema nini, naeleza mimi niliandika nini na lini. Wengine huona ni usumbufu, na muda wao wa kufungua shauri ukikaribia kuisha hubaki na njia mbili, kukosa ushahidi au kuubuni. Mazoea ya kuandika barua kila unapogonga mwamba yanaonekana kama ukarani. Kwangu mimi yameniepusha na vishawishi vingi kuliko hotuba zote za maadili nilizowahi kukaa nikazisikiliza.

Kalenda nayo ni hivyohivyo. Karibu kila bahasha ya kaki niliyowahi kuletewa ilikuja siku ya mwisho, au siku ambayo mwenyewe aliidhania kuwa ya mwisho. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema katika shauri la Bushiri Hassan kwamba hata siku moja ya kuchelewa lazima ielezewe, na katika shauri la Calico Textile kwamba wakili kutokuangalia sheria si sababu ya kutosha ya kuongezewa muda. Kijana anazijua kesi hizo, zinamtisha, na hofu hiyohiyo ndiyo inayomsukuma kutafuta mtu wa kugonga bila kuuliza. Siku ya kufungua jalada ndiyo siku ya kuandika tarehe ya mwisho, kwa wino mwekundu, mbele na ndani, na kuweka tarehe nyingine ya wiki moja kabla yake. Asiyefanya hivyo siku ya kwanza atajikuta anaomba uongo siku ya thelathini, hata awe mcha Mungu wa namna gani.

Lipo swali ambalo sina jibu lake safi, na sijamsikia mwalimu akikiri kwamba naye hana. Umemwapisha mtu kwa taratibu zote, au mwenzako amekuapishia mteja, hati imewasilishwa, kisha mteja anakwambia faraghani kwamba aya ya nne si kweli. Kanuni za mwenendo wa mawakili za mwaka 2018 zinakutaka usiipotoshe mahakama, na wajibu wa kutunza siri za mteja nao uko palepale. Mimi humtaka mteja tuiondoe hati au tuirekebishe. Akikataa, najitoa. Lakini najua, na wewe unajua, kwamba nikijitoa kimyakimya uongo unabaki ndani ya jalada na wakili mwingine atausimamia akiwa hajui, na nikieleza sababu ya kujitoa nimeshatoboa siri. Mara mbili nimefanya hivyo na mara zote mbili nimetoka mahakamani nikijiona nimenawa mikono kuliko kutenda haki. Wenzangu ninaowaheshimu wamegawanyika. Anayekwambia jambo hili ni jepesi hajawahi kulipitia.

Nirudi kwa kijana wa Ijumaa. Nilimrudishia bahasha na fedha zake, nikamwambia alete watu. Alilalamika kwamba siku ya mwisho ni kesho, Jumamosi. Ilikuwa ni maombi ya kutengua hukumu ya upande mmoja, yaani iliyotolewa bila upande wa pili kusikilizwa, ambayo yana siku 30. Nikamuuliza hukumu ilitolewa lini, akasema Ijumaa ya wiki nne nyuma. Alikuwa ameihesabu siku ya hukumu kama siku ya kwanza. Siku ya hukumu haihesabiwi, kwa hiyo siku yake ya thelathini ilikuwa Jumapili, na siku ya mwisho ikiangukia Jumapili sheria inakupeleka siku ya kazi inayofuata. Kimya kilichofuata kwenye simu kilikuwa kirefu.

Jumatatu saa mbili na nusu walifika wote watatu: mama mwenye duka, kijana wake wa kaunta, na mwenyekiti wa mtaa aliyekuja kuapa kwamba hati ya wito haikufikishwa ofisini kwake. Wawili wa kwanza walikwenda bila shida. Kwa mwenyekiti nilifika aya ya sita, nikamsomea kwa Kiswahili kwamba siku inayotajwa alikuwa ofisini tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni na hakuna mtu aliyeleta wito. Akainua mkono.

"Hapo hapana, mama. Siku hiyo nilikuwa msibani Bagamoyo. Nilichomwambia wakili ni kwamba niliporudi sikukuta karatasi yoyote, na mtendaji hakunikabidhi kitu. Sikusema nilikuwepo."

Kijana alikuwa amesimama mlangoni. Alikwenda kuandika upya aya ya sita, akaongeza hati ya mtendaji, ambaye ilibidi afuatwe kwa bodaboda ileile. Maombi yaliingia kwenye mfumo wa mahakama saa kumi na dakika ishirini.