Mkataba wa siri wa wakati wa vita ni kitu gani

Jana jioni hapa Kondele kijana wa jirani alikuja na kitabu chake cha histori, akauliza anti, huu mkataba wa siri ni nini hasa na mbona Italia ilihama upande.

Ni mapatano ya serikali na serikali yenye raia hawaambiwi, na ya vita mara nyingi ni ya ardhi, yaani pigana na sisi, tukishinda tutakupatia pale na pale. Shida hapo pale pana watu, na anayeahidi si mwenyewe. Ni kama ploti ya mama mdogo, dalali alimuuzia yeye na akauzia mtu mwingine, wote wako na karatasi na wote walilipa, na mwenye shamba hata hana habari.

Sasa ona London, 26 Aprili 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Uingereza, Ufaransa na Urusi wanaahidi Italia Trentino, Trieste, Istria na kipande cha pwani ya Dalmatia, zote za Austria-Hungary, na mwezi uliofuata Italia ikageukia Austria-Hungary, mshirika wake tangu 1882. Lakini Dalmatia wengi walikuwa Waslavi, na Serbia ilikuwa inaitaka hiyo pwani na ilikuwa inamwaga damu upande huo huo, na haikuitwa hata kwa kikao! 1916 Romania nayo ikaahidiwa Transylvania na Banat, ardhi ya Austria-Hungary pia, na Banat Serbia ilikuwa inaitaka pia. Siri ilitoka Novemba 1917, Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Lenin, waliposhika serikali Urusi wakachapisha hiyo mikataba. Vita vilipoisha Banat ikakatwa vipande, Italia ikakosa sehemu kubwa ya Dalmatia, na Orlando, waziri mkuu wao, akaondoka kikao cha amani cha Paris kwa hasira Aprili 1919.

Yenye inaniuma mimi ni kifungu cha 13 cha huo mkataba wa London. Kilisema Uingereza na Ufaransa wakiongeza makoloni Afrika kwa kunyang'anya Wajerumani, Italia nayo ilipwe kitu. Malipo yenyewe yakatoka kwetu: Jubaland, pamoja na Kismayu, ilikuwa ndani ya Koloni ya Kenya na 1925 ikapewa Italia.

Kijana akafuata mto Juba kwa kidole mpaka baharini, akauliza kwa hivyo Kismayu ilikuwa yetu? Nikamwambia hapana, kuna watu walikuwa wanachunga ngamia hapo kabla Mwingereza aje, hao ndio wangeulizwa.