Mkono umepooza ila akipiga miayo unapanda wenyewe

Mwezi wa saba Dodoma kuna ule upepo mkavu unaopasua midomo, na asubuhi moja ya namna hiyo nikaletewa mzee kutoka upande wa Bahi. Wametoka kwao giza giza, Noah mpaka mjini afu bajaji mpaka getini, yupo na mkewe na vijana wake wawili. Stroki, yaani kiharusi, wiki ya sita, upande wa kulia wote umelala na maneno yamepotea. Wakati najaza faili kijana mkubwa akanivuta pembeni.

"Dokta, mi naona mzee anatuchezea."

"Anawachezea vipi kaka?"

"Huu mkono ukimwambia inua, hainui, hata kidole. Ila akipiga miayo unapanda wenyewe mpaka hapa," akajigusa kifuani.

Mama yake alikuwa kasikia. "Siyo yeye mwanangu," akaniambia, "ni hicho kitu kilichompanda ndo kinauinua."

Nikawa najipanga nianze kueleza, mzee mwenyewe akatuwahi maana usiku hakulala vizuri, akafunua mdomo, miayo mirefu kabisa, na ule mkono uliokuwa umelala pajani kama kanga iliyolowa ukaanza kukunjika kiwiko, taratiiibu, ukapita kitovu ukafika kifuani, ukakaa hapo sekunde mbili tatu, miayo ilipoisha ukadondoka pajani pwaa. Chumba kizima kikanigeukia mimi.

Hii kitu ipo jamani. Ina jina refu la Kilatini, parakinesia brachialis oscitans, walioipa ni madaktari wa Ufaransa akiwemo Olivier Walusinski mwaka 2005, na sisi tunaofanya kazi ya fizio (tiba ya viungo kwa mazoezi) na watu wa stroki tunakutana nayo. (Fizio, siyo mchuaji. Kila wiki kuna mtu ananiita mchuaji na kila wiki inaniuma.) Mie naipenda hii miayo kwasababu inaniokolea maneno mengi, inaonyesha live kitu ambacho familia nyingi zinakataa ukiwaambia kwa mdomo: ule mkono hauumwi. Nyama zake nzima, mifupa mizima, neva zake zote toka shingoni mpaka kwenye vidole nzima. Ugonjwa upo kichwani, mkono ni mahali unapoonekana tu.

Kinachotuponza nadhani ni neno mshipa. Kiswahili chetu kitamu ila hapa kimetubana, mshipa wa damu ni mshipa, neva ni mshipa wa fahamu, ile kamba inayoshikisha nyama kwenye mfupa nayo watu wanaiita mshipa, mwanaume akiwa na ngiri ana mshipa, sasa mtu akiambiwa na daktari kwamba kwenye stroki mshipa umeziba au umepasuka yeye anaushika mkono wa mgonjwa anautafuta huo mshipa hapo hapo, anapaka mafuta ya mnyonyo, anakanda, anavuta. Huyu mzee alikandwa siku tatu nyumbani kabla hajapelekwa popote. Siku tatu! Na mshipa wenyewe ulioziba upo ndani ya fuvu, wa upande wa kushoto, sentimita chache juu ya sikio.

Huwa nawauliza watu wa hapa mjini hivi: ukiwa Ilazo ukafungua koki maji hayatoki, utaipaka koki mafuta? Maji yanatoka visimani kule Mzakwe, yanasukumwa na pampu, yanapita mabomba makubwa, matenki, mabomba madogo, ndo yafike kwako. Koki yako haina kosa lolote. Kuna mahali bomba limekatwa njiani.

Sasa njia yenyewe ya mkono ipo hivi. Ukiweka kiganja utosini halafu ukakishusha pembeni mpaka karibu na sikio, chini ya hapo kuna ukanda wa ubongo unaotoa amri za kusogea, na ukanda huo una ramani ya mwili mzima. Wilder Penfield, daktari wa upasuaji kule Montreal, miaka ya 1930 alikuwa anawapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, anagusa gusa ubongo kwa umeme kidogo anaangalia nini kinaruka (ubongo wenyewe hauna maumivu, ngozi ya kichwa tu ndo inapigwa ganzi), akakuta ramani imepinduka: mguu upo juu kabisa umezama kwenye ule mfereji wa katikati, mkono pembeni, uso chini. Na haigawi sawa hata kidogo, kidole gumba na midomo vimepewa eneo kubwa kuliko mgongo mzima, maana mgongo unafanya kazi gani ya maana ukilinganisha na vidole vinavyosuka ukili.

Hiyo ramani ndo inajibu swali naloulizwa karibu kila siku, kwanini mguu unarudi kabla ya mkono. Eneo la uso na mkono linanyweshwa na ateri (mshipa unaopeleka damu) moja ya katikati, eneo la mguu linanyweshwa na nyingine ya mbele. Ile ya katikati ndo inayozibaga mara nyingi. Kwahiyo mtu anapigwa sana mkono, uso, na kama ni kushoto na maneno yanaondoka, ila mguu unabaki na afadhali, mwezi wa pili unamuona anakongoja na mkongojo mkono ukiwa bado unaning'inia, na ndugu wanasema mkono "umegoma".

Kutoka kwenye ukanda huo kila seli inashusha mkia wake mrefu, na zile za mguuni mkia wa seli moja tu unatoka utosini unashuka mpaka kiunoni, fikiria urefu huo kwa kitu usichokiona kwa macho. Inashuka inajibana pamoja, ikifika pale kisogoni ubongo unapokutana na shingo nyingi yake, kama asilimia 85 mpaka 90, inavuka kwenda upande wa pili. Kushoto inaenda kulia, kulia inaenda kushoto. Ndo maana mshipa umeziba kushoto kapooza kulia. Baada ya hapo ni ule ugwe uliomo ndani ya mfupa wa mgongo, unakabidhi amri kwa seli ya pili, na hiyo ya pili ndo inatoka nje kwenda kwenye nyama. Stroki inakata ya kwanza. Ya pili iko pale pale inasubiri amri.

Na hapa ndo miayo inapoingia, maana miayo haitoki kwenye ukanda wa Penfield, inatoka shina la ubongo kule chini, sehemu ya zamani inayoshughulika na kupumua na mapigo ya moyo, hata mtoto aliye tumboni anaonekana kwenye utrasaundi akipiga miayo na hajui hata mkono ni nini. Shina hilo lina njia zake lenyewe za kushuka mgongoni. Ukiwa mzima ubongo wa juu unalizuia, sasa wa juu ukikatika upande mmoja, miayo ikija amri inamwagikia mpaka kwenye seli za mkono na mkono unapanda. Mzee hakuwa anacheza. Wala hakuna kitu kimempanda, mama.

Hicho cha kuzuia watu wengi hawakijui, wanadhani ubongo kazi yake ni kuamrisha tu, wakati kazi kubwa nyingine ni kushika breki. Mgongo una vituko vyake, ukikanyaga mwiba mguu unaruka kabla hujajua umechomwa, hiyo ni mgongo umejiamulia, na ubongo kutwa unaupunguza makali. Breki ikikatika baada ya wiki kadhaa mkono uliokuwa lege lege unaanza kukaza, kiwiko kinajikunja, ngumi inafunga, na nyumbani wanashangilia umepata nguvu. Hapana, huo ni mgongo umekosa mtu wa kuukemea, na ukiuacha ukae hivyo miezi vidole vinajifunga mpaka kucha zinachimba kiganja.

Niliwaonyesha hilo kwa ufunguo wa pikipiki yangu. Nikaukokota kwenye unyayo wa kushoto wa mzee, toka kisigino kupanda pembeni mpaka kwenye vidole, vidole vyote vikajikunja chini kama vya mtu yeyote. Nikaenda wa kulia, dole gumba likainuka juu taratibu na vingine vikatanuka kama feni. Joseph Babinski alilieleza hili Paris mwaka 1896 na mpaka leo ni kipimo cha bure, hakihitaji umeme wala bima. Kijana mdogo akasema mwanangu wa miezi minne anafanya hivyo hivyo! Kweli kabisa, kwasababu mtoto mchanga mikia ya zile seli haijavaa vizuri mafuta yake, zina ganda la mafuta linaloharakisha umeme, na bila hilo ganda ubongo wake bado haujaushika mgongo. Kwa mtoto ni kawaida, kwa babu yake hapana.

Maji ya moto tuyaongee kidogo maana yananikera. Nyuma tu ya ukanda wa amri kuna ukanda wa hisia, majirani wa ukuta mmoja, stroki ikipiga huku mara nyingi na kule inapiga. Maana yake mkono huo huo usiosogea unaweza pia usisikie moto. Nimeshaona bibi wa watu kachunika ngozi ya mguu mzima kwa kukandwa kitaulo kilichochovywa kwenye maji yaliyotoka jikoni, na waliomkanda wanasema mbona hakulia. Atalia na nini?

Na bega. Hili kosa nimelifanya mie mwenyewe mwaka wangu wa kwanza kazini, nilimnyanyua mgonjwa kitandani kwa kumvuta mkono uliopooza. Kikombe cha bega ni kifupi sana, ni kama kisahani, kinachoshikilia mfupa ni nyama zilizouzunguka, nyama zikilegea mfupa unashuka kwa uzito wa mkono wenyewe, ukipapasa pale juu unapata shimo linaingia kidole kizima. Yule baba alikaa na maumivu ya bega miezi na alikuwa mpole sana hakunisema. Msivute. Shika kiuno au mkanda.

Nirudi kwa mzee wangu na maneno yake. Alikuwa na neno moja tu, "hiyo", ukimuuliza jina lake hiyo, umekula nini hiyo, na analisema kwa sauti tofauti kabisa, la hasira, la kubembeleza, la kuuliza, unaona kabisa kichwani anajua anachotaka. Mwaka 1861 Paul Broca alikuwa na mgonjwa wa hivyo hivyo Paris, Leborgne, neno lake lilikuwa "tan", alipokufa wakafungua kichwa wakakuta uharibifu upande wa kushoto mbele, na tangu hapo tunajua kwa watu wengi maneno yanatengenezwa kushoto. Sasa nilipokuwa naagana nao nikamsalimu mzee Kigogo, mimi siyo Mgogo na matamshi yangu yanachekesha, nikasema mbukwa. Akajibu "Mbukwa!" safi, bila kukwama. Mkewe akashika mdomo. Maneno ambayo mtu kayasema maelfu ya mara, salamu, kuhesabu moja mbili tatu, sala, nyimbo, hayategemei sana kiwanda kile cha kushoto, upande wa kulia unasaidia, ndo maana mtu asiyeweza kuomba maji anaweza kuimba ubeti mzima wa kanisani. Nikamwambia mama awe anaimba naye jioni, aanzishe yeye mzee amalizie.

Ningependa wangekuja siku ile ile. Stroki kubwa ya kuziba isipotibiwa inakadiriwa inaua seli za neva karibu milioni 1.9 kila dakika, na dawa ya kuyeyusha bonge la damu ina dirisha la masaa manne na nusu, tena mpaka upigwe sitiskani kwanza kuhakikisha haijapasuka, maana ukimpa mtu anayevuja damu kichwani umemmaliza. Ukiona mdomo umeenda upande, mkono mmoja unashuka, maneno yanakorogeka, gari muda huo huo. Mdomo unakimbilia upande mzima by the way, siyo upande mgonjwa, watu wanachanganyaga.

Tulichofanya naye ni kazi ya kurudia rudia. Seli zilizokufa zimekufa, ila za jirani zinaweza kufundishwa kubeba mzigo, na hazifundishiki kwa mkono kukandwa mtu akiwa amelala, zinafundishika kwa mtu kujaribu mwenyewe, mara mia, mara mia tena kesho, hasa ile miezi mitatu ya mwanzo. Mguu ulirudi, anaenda chooni na fimbo. Vidole havikurudi na sikuwaficha, wiki sita bila hata kidole kimoja kusogea siyo dalili nzuri.

Mara ya mwisho mkewe alinipigia wakiwa wanabangua karanga za mbegu. Mkono wa kushoto unabangua, wa kulia kazi yake ni kulala juu ya ukingo wa sinia lisitembee. Akipiga miayo unapanda na sinia, karanga zinamwagika, wajukuu wanagombania kuziokota.