Je, wajua kwa nini chokaa inaua kirusi cha Gumboro, ule ugonjwa wa kuku, lakini siki haikiwezi?

Wafugaji wengi hapa Dar, Kitunda, Chanika, Mbagala huko, wakishauza broila wanatoa maranda, wanafagia juu juu, wanapuliza dawa alafu kesho yake vifaranga wapya wako ndani. Wiki ya tatu tu Gumboro hiyo imerudi, lawama zote anapewa aliyeuza vifaranga. Na siku hizi watu wanazikimbia dawa kali kama fomalini, na wana haki kabisa maana fomalini inasababisha kansa, sasa wanaambiana eti puliza siki au maji ya ndimu, ni asilia. Jamani, kwa Gumboro hapo umemwaga hela.

Sababu iko kwenye kirusi chenyewe. Kirusi cha mdondo, ugonjwa mwingine wa kuku, kimevaa koti la mafuta, kwahiyo maji ya sabuni ya kawaida tu yanaliyeyusha lile koti na kirusi kinakufa. Ila kirusi cha Gumboro (jina limetoka kwenye mji wa Gumboro, Delaware, kule Marekani) hakina koti la mafuta, sabuni haina cha kuyeyusha, na kinaweza kukaa kwenye banda tupu miezi kama minne hivi kikisubiri vifaranga. Siki ina pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unapanda) ya 2 hadi 3, yani uchachu mkali kweli, lakini Gumboro inavumilia hata pH ya 2. Kinachoimaliza ni upande wa pili wa kipimo, pH ya 12, na chokaa iliyokorogwa na maji inafika hapohapo 12 na kidogo. Ndo maana bibi zetu walikuwa wanapaka mabanda chokaa na hawakukosea.

Lakini sasa chokaa yenyewe iwe bado ina nguvu. Ukiacha mfuko wazi, inavuta hewa ukaa taratibu inarudi kuwa jiwe kama lile lililochomwa tanuruni, inabaki nyeupe vilevile ila nguvu hamna. Mfuko uliokaa wazi tangu mwaka jana pakia ukuta wa choo, bandani usiupeleke. Huko kurudi kuwa jiwe ndo kunanifanya niipende pia, maana haiachi sumu kwenye udongo wala haiendi kuchafua kisima cha jirani. Ila ukinunua uliza imetoka wapi, chukua ya mawe ya nchi kavu, ile ya matumbawe ya baharini inabomoa nyumba za samaki wetu.

Na hakuna dawa, hata ya bei gani, inayofanya kazi juu ya kinyesi. Klorini, ile ya kwenye jiki, ndo kabisa, ikikutana na uchafu inaishia kupambana na uchafu, ikifika kwa kirusi imeshachoka. Chokaa nayo inakauka juu ya tabaka la kinyesi huku chini vijidudu viko salama. Kwahiyo kwangula kwanza, sugua kwa maji na sabuni, drinka (vyombo vya maji) na vyombo vya chakula vitoke nje vioshwe vianikwe juani, banda likauke, ndo upake chokaa sakafuni na ukutani mpaka kwenye kona. Jiki kamwe usiichanganye na siki, inatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu, na ukiimwaga kwenye kinyesi chenye harufu kali ya amonia utakohoa vibaya.

Kuhara damu kwa kuku ni kesi nyingine, mayai ya vijidudu vinavyouleta yana ganda gumu hata jiki hayaiogopi, yanachoogopa ni ukavu na joto, kwahiyo maranda yasilowe.

Wakati wa kupaka vaa glavu na miwani, chokaa inaunguza macho, watoto wakae mbali. Vifaranga wasiingie mpaka ikauke kabisa, itaunguza miguu yao, na mimi ningekuambia banda likae tupu wiki mbili, madirisha wazi, ndo uweke maranda mapya.