Mahojiano Baada ya Kipigo: Tunayodhani Kijiweni na Yaliyopo

Dakika ya tisini na ushee imekwisha, timu imelala, na kamera inamfuata nahodha anayetoka uwanjani huku jezi imemganda mgongoni. Anawekewa kipaza sauti mdomoni. "Wenzetu wametumia nafasi walizopata, sisi hatukutumia. Tunakwenda kujipanga, mashabiki wasikate tamaa." Hajamaliza kusema, kijiweni hukumu imeshatoka: huyu hana uchungu, mshahara wake si uko palepale? Mwingine anadakia kwamba angekuwa mwanamume kweli angemtaja aliyeuza mechi. Nimekaa kwenye benchi hilo miaka mingi, na baadhi ya hukumu hizo nilizitoa mimi mwenyewe. Nilipoanza kusimama upande wa pili, nikiwa mimi ndiye mshika kipaza sauti, ndipo nilipoona jinsi tunavyoyasoma vibaya mahojiano yale ya dakika mbili.

Dhana: "Majibu ya kukariri ni ya mtu asiyejali"

Amekariri, hilo sibishi. Lakini mtazame vizuri. Ametoka uwanjani dakika tano zilizopita, moyo bado unamwenda mbio, hajaona marudio ya goli lolote na hajui kama beki wake aliteleza au alisukumwa. Wewe hapo kijiweni umeshayaona marudio mara nne, tena kwa mwendo wa pole. Anaulizwa jambo ambalo anayemuuliza analijua kuliko yeye. Sentensi aliyoikariri anaishika kama mtu anavyopapasa ukuta umeme ukikatika.

Halafu neno lina bei. Kumbuka AFCON, mashindano ya mataifa ya Afrika, kule Ivory Coast, Januari 2024. Kocha wa Taifa Stars ya Tanzania wakati huo, Adel Amrouche, alizungumza kabla ya mechi na Morocco akadai kuwa Wamorocco wana ushawishi mkubwa ndani ya CAF, shirikisho la soka la Afrika. Stars wakafungwa 3-0, CAF ikamfungia kocha mechi 8, TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ikamsimamisha, na timu ikamalizia mashindano chini ya Hemed Suleiman, ambaye jina lake la utani, kama makusudi, ni Morocco. Na yale yalikuwa maneno ya mtu aliyekaa ametulia, kabla filimbi haijapulizwa. Sasa mweke mtu yuleyule mbele ya kamera dakika tano baada ya kuonewa, au baada ya kuamini kwamba ameonewa.

Ndivyo ilivyokuwa Pretoria tarehe 5 Aprili 2024. Yanga na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini walikuwa wametoka 0-0 Dar es Salaam. Kwenye marudiano Aziz Ki akapiga shuti, likagonga mwamba, likadunda chini na kutoka. Nusu ya Tanzania iliuona mpira ule umevuka mstari. Mwamuzi hakuuona, na VAR, ile video ya kumsaidia mwamuzi, haikubadilisha kitu. Mechi ikaisha 0-0 tena, Yanga wakatolewa kwa penalti 3-2. Kila aliyetoka uwanjani usiku ule alijua vizuri anachotaka kusema, na alijua pia ni ofisi gani itakayoyasoma maneno yake asubuhi. Mwaka 2014, akiwa kocha wa Chelsea, José Mourinho alisema kwamba ni afadhali asiongee, maana akiongea atakuwa matatani. Watu wakacheka, na mpaka leo kipande hicho kinazungushwa kwenye simu kama kichekesho. Mimi nakiona kama maelezo ya wazi kuliko yote kuhusu kazi hii.

Na hata CAF isipokuwepo, wapo wenzake. Nusu saa baadaye atapanda basi moja na yule kipa aliyetoka vibaya. Ukimtaka amtaje kwa jina, unamtaka aharibu chumba cha kubadilishia nguo ili wewe ulale umefurahi.

Dhana: "Akitaka anakataa tu, nani atamlazimisha?"

Inategemea mchezo. Kwenye riadha ya Olimpiki, mwanariadha akitoka kwenye mbio hupitishwa kwenye kijia kilichozungushiwa vizuizi, waandishi wakiwa wamepanga mstari upande wa pili. Wa kwanza ni televisheni zilizolipia haki ya matangazo, wa magazeti wako mwishoni. Kupita ni lazima, kusimama ni hiari yake. Ndiyo maana utamwona mtu anakatiza ameinamisha kichwa, na hakuna sheria aliyoivunja.

Tenisi ni habari nyingine. Mei 2021 Naomi Osaka alitangaza kwamba hatazungumza na waandishi kwenye mashindano ya French Open. Wengi wanamkumbuka kama mchezaji aliyefungwa akakimbia maswali. Sivyo. Mechi yake ya raundi ya kwanza alishinda. Akatozwa faini ya dola 15,000 kwa kutokwenda kwenye chumba cha waandishi, na waandaaji wa mashindano manne makubwa wakamtahadharisha kwamba akiendelea anaweza hata kuondolewa. Tarehe 31 Mei akajiondoa mwenyewe, akieleza kwamba amekuwa akipambana na sonona tangu 2018. Alipotangaza msimamo wake alisema amewaona wachezaji wengi wakivunjika moyo kwenye chumba kile baada ya kufungwa, na kwamba kwake yeye hiyo ni sawa na kumpiga teke mtu aliyekwisha kuanguka. Siku alipojiondoa, rais wa shirikisho la tenisi la Ufaransa alikuja mbele ya waandishi, akasoma taarifa yake, akaondoka bila kupokea swali hata moja. Sina la kuongeza hapo.

Huko Marekani, Marshawn Lynch, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani wa Seattle, alikwishatozwa dola 100,000 msimu wa 2014 kwa kuwakwepa waandishi. Siku chache kabla ya Super Bowl ya 2015, fainali ya ligi yao, alikaa mbele ya kamera na kila alipoulizwa akajibu sentensi ileile, kwamba yupo pale ili asitozwe faini. Ligi ilitaka aje, na akaja.

Dhana: "Kutaja maumivu ni kisingizio"

Mfa maji haachi kutapatapa, ndivyo tunavyosema. Hata hivyo tazama swali lilivyokuwa. Tarehe 4 Oktoba 2020 Eliud Kipchoge alikimbia London kwenye mvua na baridi, akizunguka bustani ya St James's bila mashabiki barabarani. Hakuwa ameshindwa marathoni tangu Berlin 2013. Akamaliza wa 8 kwa saa 2:06:49, Shura Kitata wa Ethiopia akishinda kwa 2:05:41. Swali la kwanza likawa lile ambalo dunia nzima ilitaka kuuliza: kimetokea nini? Akasema sikio la kulia liliziba kilomita za mwisho, kisha nyonga na mguu vikakaza. Basi. Hakumnyang'anya Kitata ushindi wake, hakulaumu njia, hakulaumu mvua ambayo wote walilowa nayo. Lakini mitandaoni sikio lile lilichekwa wiki nzima. Angenyamaza, tungesema anaficha jambo.

Mimi ninapotaka kujua kama nasikia maelezo au kisingizio, hutazama mahali alipowekwa mshindi. Anayetoa kisingizio hawezi kumaliza sentensi tatu bila kumpunguza aliyemshinda. Anayetoa maelezo huzungumzia mwili wake, akaishia hapo.

Mgongo ulipomkamata Kipchoge kwenye Olimpiki ya Paris, Agosti 2024, aliacha mbio baada ya kilomita 30, akatembea kwa miguu akiwa amezungukwa na watu, akagawa viatu, soksi na namba yake ya kifuani. Alipoulizwa, akafananisha siku ile na ngumi: unakaa kambini miezi mitano, unaangushwa kwa sekunde mbili, na maisha yanaendelea. Hapo naona mtu aliyejifunza kazi ya kushindwa mbele za watu kama alivyojifunza kukimbia.

Dhana: "Kulia mbele ya kamera ni udhaifu"

Julai 2012 Andy Murray alifungwa na Roger Federer fainali ya tenisi ya Wimbledon. Pale aliyeshindwa huhojiwa kwanza, palepale uwanjani, kabla ya bingwa, watu elfu kadhaa wakimtazama. Sauti ikamkatika, akalia. Wiki nne baadaye, kwenye uwanja uleule, alimfunga Federer huyohuyo akachukua dhahabu ya Olimpiki, na mwaka uliofuata akabeba Wimbledon yenyewe. Sisemi machozi ndiyo yaliyompa nguvu, hadithi za namna hiyo siziamini. Nasema tu kwamba hayakumpunguzia kitu. Ons Jabeur wa Tunisia alilia hapohapo 2023 baada ya kufungwa fainali na Markéta Vondroušová, akasema ndiyo kipigo kilichomuuma kuliko vyote maishani mwake uwanjani. Hilo nalo ni jibu kamili.

Dhana: "Mwandishi anayeuliza swali gumu hana heshima"

Swali baya nililowahi kuuliza mimi lilikuwa laini kabisa. Bondia mmoja alikuwa ameangushwa raundi ya nne, akiwa bado amekaa kwenye kiti, nikamsogezea kipaza sauti: "Unajisikiaje?" Akanitazama kwa muda. "Kichwa kinauma, kaka." Watu wakacheka, naye hakuwa anatania. Swali lile halina pa kushika. Angeulizwa kwa nini alishusha mkono wa kushoto kuanzia raundi ya tatu angekuwa na jambo la kueleza, na pengine angesahau kwa sekunde chache kwamba ameshindwa.

Swali gumu linaweza kuzaa. Kwenye mpira wa kikapu wa Marekani, Aprili 2023, Milwaukee Bucks walitolewa na Miami Heat raundi ya kwanza ya mtoano kwa michezo 4-1, timu iliyomaliza msimu ikiwa na rekodi bora ikitolewa na ya nafasi ya nane. Mwandishi akamuuliza nyota wa Bucks, Giannis Antetokounmpo, kama anauona msimu ule kuwa umefeli. Giannis akashusha pumzi, akamgeuzia: wewe kazini kwako unapandishwa cheo kila mwaka? Kama hupandishwi, kazi yako ya mwaka mzima imefeli? Kisha akamtaja Michael Jordan, miaka 15, mataji 6, akauliza ile mingine 9 tuiite nini. Waliomtukana mwandishi yule mitandaoni walisahau kwamba bila swali lake jibu lile wasingelipata. Na Giannis hakumtukana, alimjibu. Unaweza usikubaliane naye (mimi nadhani raundi ya kwanza kwa timu ile ilikuwa kufeli, na si dhambi kusema hivyo), lakini yale yalikuwa mazungumzo ya watu wazima wawili.

Dhana: "Asiyesema siku hiyohiyo anajificha"

Bukayo Saka alikosa penalti ya mwisho ya England fainali ya Euro, tarehe 11 Julai 2021, akiwa na miaka 19. Aliandika neno lake la kwanza siku nne baadaye, akasema alijua papo hapo aina ya chuki itakayomfikia. Ilikuwa imeshamfikia, matusi ya rangi kwa maelfu. Siku nne si nyingi.

Dhana: "Kajibu maneno mawili, hana cha kusema"

Msikilize kwanza anajibu kwa lugha gani. Kijana wa Iten au wa Singida anayeulizwa kwa Kiingereza cha kasi kwenye kile kijia cha vizuizi atatoa sentensi fupi zilizo salama. Mita kumi mbele anakutana na mtangazaji wa nyumbani, anaulizwa kwa Kiswahili, na ghafla kuna habari ya upepo, ya maji aliyoyakosa kilomita ya 25, ya mpinzani aliyemkanyaga kisigino. Ni mtu yuleyule, na kipigo ni kilekile.

Dhana: "Mashujaa huwa na maneno makubwa tayari"

Hii inatokana na John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa Tanzania, na yeye ndiye anayeikanusha. Olimpiki ya Mexico City, 20 Oktoba 1968. Walianza marathoni watu 75, wakamaliza 57, naye akawa wa 57. Alikuwa ameanguka njiani, goti limeteguka, bega limegonga lami. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa 2:20:26, Akhwari akaingia uwanjani kwa 3:25:27, giza limeshaingia, mguu umefungwa bandeji, watu wengi wameshaondoka. Hakuwa mkimbiaji wa kubahatisha: miaka miwili baadaye alimaliza wa 5 kwenye marathoni ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh.

Hakuna aliyemwandalia hotuba, wala hakukuwa na afisa habari wa kumnong'oneza. Aliulizwa jambo la kawaida kabisa, kwa nini hukuacha, akajibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kuanza mbio, ilimtuma maili 5,000 kuzimaliza. Ukichukua ramani utaona kwamba kutoka Dar es Salaam hadi Mexico City ni zaidi ya maili 9,000. Tangu mwaka ule jibu lile linarudiwa duniani kote, na sijawahi kumsikia mtu akimdai mzee zile maili elfu nne zilizobaki.