Pleilisti ya kununua: kinachokosekana kwenye hiyo flashi

Swali limerudi tena, na safari hii aliyeuliza ameshalipa. Kanunua flashi ya nyimbo elfu tano, "za harusi na send-off, zimepangwa na DJ mzoefu", anataka kujua kama Jumamosi anaweza kuingia nayo ukumbini akapiga kuanzia juu kwenda chini. Jibu ni hapana. Wala sisemi hivyo kwa kuwa nataka kila DJ mchanga ateseke kwanza. Nasema hivyo kwa sababu ulichonunua ni majina na mafaili, na ile kazi inayoifanya pleilisti iwe pleilisti haimo humo ndani.

Hesabu kwanza, maana haihitaji hata sikio. Flashi ni ya GB 16, nyimbo ni 5,000. Gawanya: kila wimbo unapata MB 3.2. MP3 ya kbps 320 (kbps ni kiasi cha data kwa kila sekunde; kikipungua, sauti inapoteza ubora) inakula MB 2.4 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika nne ni MB 9.6. Hata ukiushusha hadi kbps 128, wimbo huohuo unataka MB 3.8. Yaani kama nyimbo zina urefu wa kawaida, umeuziwa mafaili ambayo kwa wastani hayafiki hata 128. Kwenye simu hutasikia tofauti. Kwenye spika za ukumbi matoazi yanakuwa kama mtu anasugua gunia, na sauti ya mwimbaji inapata majimaji. Ukiona hivyo usikimbilie kupandisha treble, zile sauti kali za juu, kwenye mikisa, utakuwa unapandisha uchafu.

Wengine watakuambia zao ni 320 kamili. Kuna programu ya bure inaitwa Spek. Buruta faili ndani yake uone picha ya masafa, yaani sauti za chini hadi za juu kabisa, zikipimwa kwa kHz. Faili ya kweli ya 320 kwa kawaida inapanda hadi karibu kHz 20. Iliyotengenezwa kwa kubadilisha faili ya 128 inakatika kama imepigwa panga kwenye kHz 16, hata kama jina linasema 320. Ila usiihukumu hivyo kila faili: rekodi za zamani za Radio Tanzania Dar es Salaam zilifanywa kwa kanda, na nyingi hazina kitu cha maana huko juu tangu mwanzo. Hapo amua kwa sikio.

Na jingo. Nyimbo nyingi za flashi hizi zimechotwa kwenye blogu za muziki, kwa hiyo katikati ya ubeti wa pili inatokea sauti nzito inatangaza tovuti. Bibi harusi yuko katikati ya zulia, kamera zote zimemwelekea, spika zinawaambia wageni waende wakapakue nyimbo mpya. Faili kama hiyo haitengenezeki, inatupwa.

Suala la haki nalipita haraka kwa kuwa liko wazi. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na msimamizi wake ni COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya serikali. Aliyekuuzia flashi hakuwa na haki ya kuziuza hizo nyimbo, na ulipomlipa wewe hukupata haki yoyote. Usichanganye na rekodi puli kama DJcity, ambazo unalipia kila mwezi unapewa mafaili safi, tena yenye utangulizi wa ngoma tupu kwa ajili ya kumiksi, yaani kuunganisha wimbo na wimbo. Hizo ni kitu kingine, na sina ugomvi nazo.

Sasa twende kwenye jambo linaloniudhi hasa. Watu wanadhani kazi ya DJ ni kujua wimbo gani unafuata wimbo gani, na kwa kuwa hilo linaweza kuandikwa kwenye orodha, basi linaweza kuuzwa. Lakini wimbo una vitu ndani yake. Una maneno, una sehemu, una mwendo unaobadilika. Ambaye hajausikiliza hadi mwisho hajui anachokiwasha.

Chukua taarabu. Raha kubwa ya taarabu ya kisasa ni mipasho, yaani vijembe vya kumsema mtu, na mpasho unataka mtu wa kupashwa. Orodha imeandika "Taarabu – kina mama" na wewe umebonyeza. Kumbe wimbo unamsema mke mwenza, na baba wa bibi harusi ana wake wawili, wote wamekaa meza ya mbele. Mmoja atanyanyuka na noti mkononi, atacheza taratibu akimwelekea mwenzake, ukumbi mzima utaelewa, na MC hatakuwa na neno la kuokoa. Aliyeipanga ile orodha huenda aliupiga wimbo huo kwenye kitchen party ya mashosti watupu na wakacheka hadi machozi. Kwake ulifaa.

Bongo Fleva nako kuna mtego wake. Wimbo una gitaa laini, kiitikio kinataja mapenzi ya milele, kila flashi inauweka kwenye folda ya "First dance". Ukifika ubeti wa pili, jamaa anasimulia alivyoachwa. Maharusi wanacheza, shangazi anamgeukia jirani yake. Kwenye rumba ya Kongo, hata usipojua Kilingala, jua kuna mabanga: majina ya watu yanayotajwa ndani ya wimbo, mengi ya matajiri na wakubwa waliolipia kutajwa. Kwenye sherehe ya familia ya Kikongo jina moja linaweza kuleta shangwe meza hii na kununa meza ile. Muulize mwenye lugha kabla, usisubiri siku ya tukio.

Nikae kidogo kwenye rumba, kwa sababu ndiyo inayomwonyesha haraka DJ wa flashi. Tuseme wimbo una dakika nane. Hadi dakika ya nne ni kuimba tu, taratibu, wazee wanashikana viuno. Kwenye 4:20 gitaa la solo linabadilika, ngoma inabana, atalaku, yule mpiga kelele wa kuchangamsha, anaanza kuita, na hapo sebene, ile sehemu ya kucheza, imeingia. Mwenye orodha ya kununua anaona jina la wimbo na BPM (biti kwa dakika) moja, basi. Mwenye kuujua ameweka hotikyu tatu, yaani alama ambazo ukibonyeza wimbo unaruka hadi hapo. A iko kwenye biti ya kwanza halisi, siyo mwanzo wa faili, kwa kuwa mara nyingi kuna sekunde moja au mbili za ukimya. B iko biti nane kabla ya sebene. Siweki juu ya sebene yenyewe: wageni wanataka kuisikia inakuja, na ile ngoma inayoiita ndiyo inayowatoa vitini. C iko mahali ambapo mwimbaji amenyamaza na ngoma imebaki peke yake kwa biti kumi na sita au zaidi, ndipo mlango wa kutokea. Kwa alama hizo tatu, wimbo huohuo saa mbili usiku unapigwa kuanzia A wakati watu wanakula, na saa tano unapigwa kuanzia B wakati watu wameshavua viatu.

"Si naye DJ mzoefu ameweka alama zake?" Pengine ameweka, lakini je, zimekufikia? rekordbox na Serato ni programu za DJ. rekordbox huhifadhi alama kwenye hifadhidata yake, nje ya faili ya MP3. Ukinakili folda ya nyimbo peke yake, alama zimebaki kwenye kompyuta ya mwenyewe. Serato huziandika ndani ya faili, kwa hiyo hizo zinaweza kusafiri, lakini uzifungue kwa Serato. Na ile faili ya M3U unayopewa kama "pleilisti" ni maandishi tu yanayosema wimbo uko D:\Muziki\Harusi kwenye mashine ya mtu mwingine. Ukiifungua kwako inakuletea safu ya alama nyekundu.

BPM nayo usiiamini ulivyoikuta. Singeli inakimbia 200 na kuendelea, na programu nyingi zitaisoma nusu: wimbo wa 220 unaandikwa 110. Ubaya unakuja pale nyimbo nyingine kwenye folda hiyohiyo zimesomwa kamili. Ukipanga kwa BPM, singeli moja inakaa jirani na amapiano, nyingine iko mwisho kabisa wa orodha. Chagua mtindo mmoja, zirekebishe zote. Mimi naziacha zikae nusu kwa makusudi: amapiano ya 112 na singeli ya 224 zinaingiliana vizuri ukiziunganisha kwenye biti ya kwanza, na zikiwa zimeandikwa 112 zote mbili nitaziona pamoja.

Muziki wa dansi wa zamani ni shida nyingine. Ulipigwa na watu, bila mashine ya kuhesabu, kwa hiyo unaanza kwa mwendo mmoja na kumalizia juu zaidi. Gridi ya biti iliyonyooka, ile mistari ya programu inayoonyesha kila biti ilipo, itakuwa sawa dakika ya kwanza na imepotea dakika ya tatu, na Sync, kitufe cha kulinganisha mwendo wa nyimbo mbili, itakuaibisha mbele ya watu. rekordbox ina uchambuzi wa aina ya Dynamic, unaofuata mwendo unaobadilika, unaosaidia kiasi. Ninachofanya zaidi ni kunyoosha gridi sehemu mbili tu, ninapoingilia na ninapotokea, na mikisi yenyewe naifanya fupi, biti nane zinatosha.

Basi jenga yako, na anza na nyimbo 200. Hesabu tena: baada ya chakula, kama ukumbi unafungwa saa sita, muda wa kucheza ni saa moja na nusu hivi, na humo zitaingia nyimbo thelathini hadi arobaini. Hizo elfu tano za nini? Nyimbo 200, kila moja dakika kumi za kuisikiliza yote kwa hedifoni na kuweka alama, ni dakika 2,000, kama saa 33. Ukitoa saa moja na nusu kila siku, ni wiki tatu na siku moja. Sahihisha jina la msanii na la wimbo, weka hotikyu, linganisha sauti ili faili moja isipige kelele kuliko nyingine, kisha andika kwenye sehemu ya maoni maneno mawili matatu ambayo utayahitaji gizani: "wazee", "keki", "matusi 2:10", "usipige mbele ya wakwe". Hayo ya mwisho yana faida kuliko BPM.

Gawa kwa matukio na kwa rika: kuingia maharusi, keki, shampeni, zawadi, chakula, kufungua muziki, wazee, vijana, kufunga. Nyimbo ishirini na kitu kila folda. Usipange namba ndani yake. Wapo waliojenga pleilisti yao kwa jasho, halafu wakaipanga wimbo wa kwanza hadi wa sitini na kuifuata kama ratiba ya msiba. Huyo na wa flashi tatizo lao ni moja: kamati imechelewesha zawadi kwa dakika arobaini, chakula kimesogezwa mbele, na yeye bado yuko namba kumi na saba.

Kuna mahali ambapo kununua orodha kunafaa, na ningekuwa mwongo nikikataa. Umepewa harusi ya jamii usiyoijua muziki wake, ya Wasomali au ya Wahindi, na una siku kumi. Mlipe DJ wa jamii hiyo akuandikie majina arobaini, na aeleze lipi ni la saa ngapi na lipi halipigwi mbele ya nani. Hayo maelezo ndiyo unayoyalipia. Nyimbo zitafute mwenyewe, zisikilize, kisha muombe bwana harusi atoe nyimbo tatu za rika lake, tatu za wazazi, tatu za bibi na babu. Mara nyingi hizo tisa zinabeba sherehe.

Yapo ambayo sijayamaliza kichwani. Kumiksi kwa ufunguo wa muziki (key, sauti ya msingi ambayo wimbo umejengwa juu yake), vitabu vinakufundisha kwa uhakika mkubwa. Mimi kwenye taarabu siuamini ufunguo unaoandikwa na programu. Programu inachagua kati ya funguo 24 za Kizungu, wakati nyimbo nyingi za taarabu asilia zimejengwa juu ya maqamu, mipangilio ya sauti ya Kiarabu, na baadhi ya maqamu zina sauti ambazo hazimo kwenye kinanda. Nachagua kwa sikio na wakati mwingine nakosea. Sina uhakika pia kama haya yote yanamhusu DJ wa baa anayepigia watu walewale kila Ijumaa; huenda kwake wateja wanataka mpangilio uleule, na orodha ya mtu mwingine ingemtosha kwa muda. Na namba 200 ni ya mikono yangu. Mwenye kumbukumbu nzuri ataanza na 300.

Ukishamaliza, tumia rekordbox kutoa nakala kwenye flashi mbili, siyo moja. Zifomati kwa FAT32, kwa kuwa CDJ, zile mashine za DJ za ukumbini, hazisomi NTFS (hizo ni namna mbili za kupanga flashi), na ujue dirisha la kawaida la Windows mara nyingi halikupi FAT32 kwa flashi iliyozidi GB 32, huenda ukahitaji programu ya pembeni. Ichomeke kwenye mashine utakayopigia, fungua wimbo mmoja kutoka kila folda, bonyeza B uone kama inaruka panapotakiwa. Fanya hivyo mchana, kabla wapambaji hawajaanza kuvuta nyaya zako.